Wafu Wanaoleta Maziwa

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hao hawakuwahi kufanya kazi katika Ushirika wa Maziwa wa Kamuiru, maana huko mficha uchi alizaa, tena kwa mkupuo mmoja: alizaa maiti sitini na watatu siku ya Alhamisi kabla ya chai ya saa nne, na Ijumaa asubuhi maiti hao wakapanga foleni kwenye mizani wakiwa na mitungi yao.

Subira aliyaona yote yakitungwa mimba. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya ofisi, yeye karani wa takwimu mwenye stashahada na mkataba wa miezi sita, na nyuma yake alisimama Meneja Wamae akiwa ameinama mpaka tai yake inagusa kibodi.

"Bi Subira, hii ni nini imejaa hapa?"

"Ni alama ya kosa, Meneja."

Kwenye safu ya majina, katikati ya majina ya watu wenye heshima zao, palikuwa na mistari kadhaa iliyosema #N/A, #N/A, #N/A, kama vile kompyuta imepatwa na kwikwi.

"Inatutukana?"

"Inasema haijui. Fomula huchukua nambari ya mwanachama kutoka orodha ya mizani, inaenda nayo kwenye rejista, inamtafuta mwenyewe, inarudi na jina lake. Hawa sitini na watatu imewatafuta ikawakosa. Nipe siku mbili nijue kwa nini."

"Mkutano wa mwaka ni Jumanne. Watu wa wizara watakuwa hapo. Siwezi wapelekea karatasi inasema haijui."

Wamae alikuwa amehudhuria semina ya kompyuta ya siku mbili katika hoteli moja mjini Nyeri. Cheti chake kilining'inia juu ya kalenda, na katika siku hizo mbili alikuwa ameshika jambo moja tu, lakini alilishika kwa mikono miwili. Alimwambia Subira ampishe kiti.

"Kwa semina tulifundishwa hii. Unafunika. Unaambia kompyuta, ukikosa usipige kelele, andika neno fulani. Sasa tuseme nambari imekosa kwa rejista. Huyo mtu ako wapi?"

"Sijui, Meneja. Ndiyo maana nasema nitafute."

"Kuna mtu umewahi ona ametoka hii ushirika akiwa hai?"

Subira alifikiri. Kusema kweli hakuwahi kumwona. Watu wa Kamuiru waligombana, walinuna, walitishia kupeleka maziwa kwa ushirika wa Mukurweini, lakini nambari yao hawakuiacha mpaka walipozikwa. Wakati bado anafikiri, Wamae alikwisha kuandika kwa vidole viwili, herufi moja moja: MAREHEMU. Kisha akaivuta ile fomula kutoka juu hadi chini, na kwikwi zote zikatulia.

"Umeona? Safi."

"Meneja, umeua watu."

"Nimesafisha ripoti. Tuma moja kwa mizani na ingine kwa kamati ya maafa."

"Mimi sitatia sahihi hapo."

Wamae alimtazama kwa upole wa mtu anayetazama ndama. "Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi. Ukitoka nje niitishie chai, na waambie isiwe na majani mengi."

Subira alitoka akaagiza chai, na Wamae akazituma ripoti mwenyewe. Njiani alihesabu: nyumbani kwao mshahara wake ndio pekee ulioingia kwa tarehe inayojulikana. Mumewe Athman alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na shule zikifungwa cherehani yake nayo hufunga. Mkataba ukifa, nyumba ingebaki ikitegemea ng'ombe mmoja wa mama mkwe.

*

Dirisha la ofisi lilitazamana na mizani, kwa hiyo Ijumaa Subira hakuhitaji kuhadithiwa. Mama mkwe wake, Bi Kibibi, alifika na mtungi wake wenye nambari 0041 iliyopakwa rangi nyekundu. Aliiweka wazi ile nambari ielekee watu, kama ilivyokuwa desturi ya waanzilishi wote. Ushirika ulipoanza walipewa nambari zinazotangulia na sifuri, na sifuri hizo walizienzi kuliko vyeti vya ndoa. Karani aliyethubutu kuandika 41 aliulizwa mbele ya watu ni nani amemlia mwenzake sifuri.

Karani wa mizani alikuwa Kefa Masinde, mtu wa Kakamega, mtu wa utaratibu. Aliitazama kompyuta yake, akamtazama Bi Kibibi, akaitazama tena kompyuta.

"Mama, iko shida kidogo. Mashine inasema umekufa."

"Nani?"

"Wewe, mama."

"Inasema nimekufa na nini?"

"Haijaandika."

"Basi iambie nimekuja na lita saba."

"Siwezi pima maziwa ya marehemu. Nitaandika jina ya nani?"

"Andika langu."

"Yako ndiyo imekufa."

Nyuma yao Mzee Ngatia, mwenyekiti wa ushirika, nambari 0007, alicheka mpaka akashika nguzo. "Kibibi, kwani huko hakuna watu wa kukunywa maziwa?" Alikuwa bado anajipangusa macho zamu yake ilipofika.

"Mzee," Kefa alisema kwa sauti ya chini, "na wewe pia."

Kicheko cha mzee kilikatika kama kamba. Kufikia saa mbili wazee na nyanya kumi na wanane walikuwa wamesimama pembeni na mitungi yao, wamekatazwa kuuza maziwa kwa kosa la kufa. Waliokuwa hai waliwapita na kupimiwa. Wengine waliwapa pole.

*

Jumamosi, Athman alikuwa kibarazani akipima suruali ya mtu, utepe shingoni, wanawake wanne wa kamati ya maafa walipoingia kwa lango wakitembea polepole, jinsi watu wanavyotembea wakijua wanatazamwa. Mbele alikuwa Gathoni, mwenyekiti wao. Walibeba mikate miwili, sukari kilo mbili, majani ya chai na pakiti ya unga. Subira alitoka jikoni akifuta mikono.

"Poleni sana," Gathoni alisema, akamkumbatia kabla hajajibu. "Tumekuja kulia na nyinyi."

"Kumlilia nani, Mama Gathoni?"

"Mama yenu. Tumeona nambari yake kwa orodha. Tukasema hawa ndugu zetu Waislamu huzikanga haraka, hata tukikimbia hatutapata mwili. Naona hata hema mmetoa."

Athman alisimama na kipande cha chaki mdomoni. "Mama yangu ametoka hapa sasa hivi. Ameenda kukata majani ya ng'ombe."

Gathoni alimshika bega kwa huruma. "Wengi husema hivyo siku za kwanza. Moyo hukataa. Mimi nilipofiwa na baba niliweka sahani yake kwa meza wiki mbili."

"Mama Gathoni, ameenda na panga."

"Ni sawa, baba. Ni sawa. Keti."

Wanawake wakainamisha vichwa, na Gathoni akaanza maombi. Aliomba vizuri, hilo Subira hakulipinga baadaye. Aliomba kwa Kiswahili cha kanisani, akamshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kwa maziwa yake ambayo hayakuwahi kutiwa maji. Alikuwa amefika kwenye wajane na mayatima pale furushi la matete lilipoingia langoni likitembea kwa miguu miwili. Mwanamke wa mwisho, aliyeomba jicho moja likiwa wazi, aliangusha sukari.

Furushi likajibwaga chini, na Bi Kibibi akatokea, jasho usoni, majani kwenye ushungi.

"Nani amefiwa?" aliuliza.

"Wewe, mama," Athman alisema.

Ilichukua muda mpaka Gathoni akubali kumgusa mkono. Alipougusa na kuukuta wa moto, alikaa chini akaomba maji. Bi Kibibi aliwaambia hakuna maji, kuna maziwa, maana maziwa ya siku mbili yalikuwa yamejaa sufuria zote, na ng'ombe hakuwa amepelekewa taarifa ya msiba. Wakapikiwa chai nzito isiyopitisha kijiko. Mikate ikakatwa. Mkate wa pili ulipofika nusu, Gathoni alianza kutazama mlango.

"Mama Kibibi, usichukulie vibaya. Hizi vitu ni za kamati. Na bado tuko na nyumba sitini na mbili."

"Huu mkate?" Bi Kibibi aliinua kipande chake. "Huu ni mkate wa matanga yangu na ninaula mwenyewe. Katika Kamuiru nzima, ni nani mwingine amepata bahati hiyo? Sukari pia iache. Na yote mliyosema kwenye maombi mje mnisomee tena polepole, nilikuta mwisho tu."

Wanawake walicheka, hata Gathoni. Lakini wakati wa kuondoka alimvuta Subira kando ya zizi.

"Mimi sipendi udaku," alisema, kama wasemavyo wote wapendao. "Lakini Meneja amesema ni wewe uliandika. Ati uliandika mama ya bwana yako amekufa. Hata kwa duka wanaongea. Wanasema mabinti-wakwe wengi wametamani, lakini wewe ndiye wa kwanza kupeleka kwa kompyuta."

Subira alikwenda dukani kununua kibiriti akathibitisha. Wanawake wawili walivuta vikapu vyao kando alipoingia. Mwenye duka alimrudishia chenji akiiweka juu ya meza, asimguse mkono.

*

Jumapili barua ililetwa na mlinzi wa ofisi. Zilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kusomwa na Subira mbele ya mkutano: "Mimi, Subira Athman, naomba msamaha kwa wanachama wote kwa kuwaua kwa uzembe wangu." Ya pili ilikuwa nakala ya barua ya kazi ya kudumu, haina muhuri. Mlinzi alieleza kwa mdomo yale ambayo Meneja hakutaka kuyaandika: ya kwanza ikisomwa, ya pili itapigwa muhuri hapo hapo.

Walikaa watatu jikoni katikati ya beseni za maziwa. Siku ya tatu hiyo, mengine yalikuwa yameshaganda.

"Isome," Athman alisema. "Ni maneno. Maneno hayauzwi dukani wala hayalipiwi ushuru. Usome, upigiwe muhuri, uje ule."

"Nitakuwa nimekubali kwamba nilimwandika mama amekufa."

"Mama, wewe una neno?"

Bi Kibibi alikuwa akikoroga mtindi. "Mimi ni marehemu, msinitie katika mambo ya walio hai." Akaonja, akaongeza chumvi. "Lakini kazi ya muhuri si kitu cha kutemea mate, Subira. Nimeishi na mwanamume aliyekuwa na kazi ya leo ipo kesho haipo. Najua bei ya maneno. Jiulize tu kama hilo neno utalimeza au litakukwama."

"Mama, hilo si jibu."

"Ukitaka jibu muulize Wamae, yeye hakosi."

Subira hakulala vizuri. Si kwamba alikuwa shujaa. Aliisoma ile barua kwa sauti mara mbili chooni, ajaribu, na mara zote mbili ulimi ulifika kwenye neno "kuwaua" ukakataa kupanda kama punda kwenye daraja.

*

Jumatatu alifika ofisini mapema, Wamae bado hajaja. Aliifungua orodha ya mizani na rejista, akaziweka ubavu kwa ubavu, akafanya kile alichoomba siku mbili akifanye: akatazama nambari moja moja. Hakumaliza hata chai.

Kwenye mizani, Kefa alizipiga nambari za waanzilishi pamoja na sifuri zao, na ili kompyuta isizile alizitangulizia alama inayoiambia kwamba haya ni maandishi. Kwenye rejista, karani wa zamani hakujua ujanja huo. Sifuri zilikuwa zimeliwa, na 0041 ilikuwa imebaki 41, nambari tupu. Mwanadamu anaona ni mtu mmoja. Kompyuta inaona maandishi huku na hesabu kule, na haiwezi kuapa kwamba ni ndugu. Waanzilishi walikuwa wameuawa na majivuno yao wenyewe.

Subira alizirudishia nambari za rejista sifuri zao, akazifanya maandishi pande zote mbili. Kisha akalivua lile shuka la Wamae, neno MAREHEMU, kutoka kwenye fomula ili ikikosa iseme imekosa. Akabonyeza. Majina yakarudi kwa mfuatano, Ngatia, Kibibi, wazee na nyanya wote, sitini na wawili.

Mmoja hakurudi. Nambari 3115: #N/A.

Aliitafuta kwenye rejista kwa macho. Aliitafuta kwenye kitabu cha zamani cha mkono. Haikuwahi kupewa mtu. Lakini kwenye mizani ilikuwa ikileta lita thelathini kila siku iendayo kwa Mungu. Akatoka nje kumwuliza Kefa.

"3115 ni nani?"

Kefa alitazama paa. "Hiyo hukuja na pikapu ya Meneja."

"Ng'ombe ni wa nani?"

"Dada, mimi hupima maziwa. Sipimi ng'ombe."

"Ijumaa ulikataa lita saba za mama mkwe wangu kwa sababu ni marehemu. Huyu naye ameandikwa marehemu. Ulimpokea?"

Kefa alifikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao. "Huyu marehemu ako na pikapu," alisema.

*

Ukumbi ulijaa Jumanne. Waanzilishi walikuwa wamekuja wote, hata waliokuwa hawatoki kitandani, kila mmoja akitaka aonekane. Watu wawili wa wizara walikaa mbele na chupa za maji. Bi Kibibi alikaa safu ya kwanza kwa buibui lake la sikukuu. Athman alisimama mlangoni. Projekta ilimulika shuka jeupe lililotungikwa ukutani.

"Kabla ya ajenda," Wamae alisema, "karani wetu ako na neno. Ni mtoto wetu, amekosea, tumsikie."

Subira alisimama na karatasi mkononi. Hakuisoma. Aliunganisha kompyuta, na shukani ikatokea ripoti ya Alhamisi na MAREHEMU wake sitini na watatu. Ukumbi ulinguruma.

"Hawa hawakufa," alisema. "Fomula iliwatafuta ikawakosa, ikasema imewakosa. Mtu akaifunika mdomo, akaifundisha kusema wamekufa. Ngojeni."

Akaeleza habari ya sifuri kwa maneno ambayo hata nyanya wa 0002 aliyafuata, kisha akafungua ripoti mpya. Majina yalipotokea, watu walianza kuyasoma kwa sauti, na kila aliyesomwa aliinua mkono au mkongojo. Mzee mmoja alimwambia jirani yake, "Hiyo ni mimi," akamwambia tena.

"Wamerudi sitini na wawili," Subira alisema. "Amebaki huyu wa mwisho. 3115. Hayuko kwenye rejista, hayuko kwenye kitabu. Huleta lita thelathini kila siku, na hulipwa kama mwanachama."

 Kisha sauti ya Gathoni ikatoka katikati: "Basi huyo ndiye marehemu ya kweli. Na bado anakamua."

Kicheko kilichofuata kiliwafanya hata watu wa wizara waweke chupa chini. Mmoja wao alitoa kalamu. Wamae alikuwa amesimama.

"Hiyo ni kosa ya fomula."

"Hapana, Meneja. Fomula haina kosa hapo. Imetafuta, imekosa, imesema."

"Umeniletea aibu—"

"Lete rejista unionyeshe jina lake, nitakaa chini."

Wamae alifungua mkoba wake, akaangalia ndani kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta miwani, akaufunga. Mzee Ngatia alikohoa. Alikuwa mwenyekiti, na kwa miaka yote aliamini kwamba jambo likifika kwenye mkutano lazima litoke na maridhiano, hata kama limeingia na wizi.

"Hiyo ya namba itaenda kwa kamati," alisema. "Meneja atajibu, hawa wageni wamesikia. Lakini wewe binti, sisi viongozi tulikubaliana kitu. Mkubwa hafunuliwi mbele ya wageni. Sasa usome karatasi, hata kama ni mstari moja, ndio tuendelee tukiwa kitu kimoja. Barua ya kazi yako ni hii hapa, na muhuri ni huu. Naweka wino mbele yako."

Kweli aliweka. Kisahani cha wino kilikuwa wazi, muhuri umelala kando. Mlangoni Athman aliinua kiganja na kukifungua na kukifunga kama kitabu: soma, soma. Bi Kibibi hakumtazama mwanawe wala hakumtazama mkwewe. Alitazama shuka ukutani, mahali palipoandikwa jina lake.

Subira aliikunja ile karatasi mara mbili akaiweka juu ya meza, kando ya barua ya kazi.

"Mzee Ngatia, kwa heshima yako, mlinipa kazi ya kuiuliza rejista. Niliiuliza. Hayo mengine mliandikiwa na mwingine, na mwenyewe yuko hapo. Barua ni yenu, mkitaka ipigeni muhuri, msipotaka iacheni."

"Mtoto wangu, ni neno moja tu. Sema pole, yaishe."

"Siombi msamaha," Subira alisema.